Kuonja Mbele ya Mteja

Siku yangu ya kwanza katika soko la Sumbawanga nusura nigombane na mtu kwa ajili ya kiazi kitamu. Nilikuwa nimeshalipa, nimeshanyoosha mkono, na yule mama akakimega kiazi changu kwenye ncha, akatia mdomoni, akatafuna huku ananitazama machoni, ndipo akanipa kilichobaki. Nikajisemea, loo, njaa gani hii ya kumtangulia mteja? Nikaenda kwa wakaanga samaki, nikachagua kipande cha mgebuka kilichonona. Muuzaji naye akakinyofoa, akala kidogo, akanikabidhi. Kwa mama wa Kisukuma mwenye kibuyu cha maziwa ya mgando mambo yakawa yale yale: kapiga funda, kafuta mdomo kwa kiganja, kanipa kikombe. Nilirudi kwa dada yangu nimenuna, nikamwambia watu wa mji wake ni walafi.

Dada alicheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, ikabidi nimshike mgongo. Alipopata pumzi akanieleza kwamba huko Ufipa mtu hakupi chakula bila kukionja mbele yako. Awe anakuuzia, awe amekukaribisha nyumbani, mdomo wake lazima utangulie. Ni namna ya kukwambia hajatia kitu humo, na kama ametia basi mtakufa wote. Muuzaji asiyeonja, hata apike vizuri namna gani, watu wanampita. Hata wale Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, ambao kwao hakuna habari hiyo, walikuwa wameshajifunza, maana bila hivyo maziwa yangewachachia mikononi.

Mie ni mtu wa Muheza, nimezoea nazi na joto. Huko nilikwenda mwezi wa saba, baridi ya kukata masikio, upepo unapiga tambarare yote hauna cha kuuzuia. Dada yangu aliolewa na Mfipa aliyekuja kwetu ujanani kukata mkonge, kama walivyokuja wengi wa kwao. Mashamba ya mkonge yalipoanza kufa, shemeji alimchukua mkewe akarudi naye nyumbani. Halafu ikaja enzi ya ruksa. Ushirika ukalala, mahindi yakawa ya yeyote mwenye gari, na shemeji akawa mtu wa kupanda juu ya magunia, leo yuko Msanzi anakusanya, kesho yuko Tunduma, wiki nzima hajulikani aliko. Alirudi na redio, akarudi na vitenge vya Zambia, mwishowe akarudi na homa. Alizikwa mwaka mmoja kabla sijafika. Watoto wakachukuliwa na bibi yao Msanzi, dada akabaki mjini, kwenye chumba cha kupanga Milanzi.

Mtu aliyepita Muheza ndiye aliyetuambia kwamba dada yetu amekwisha. Nilikwenda kumchukua. Nilimkuta amevaa masweta mawili ya mitumba, moja juu ya jingine, na bado mabega yanaonekana. Usiku ule ule nilipofika nikamwambia afungashe turudi kwa mama. Akanijibu kwa upole kwamba hawezi kuacha chungu chake, watu wake sokoni wanamngoja. Siku watakapoacha kunywa togwa yake ndipo atajua hana kazi tena pale, atapanda basi na mie. Nikaona hayo ni maneno ya mgonjwa, nikamwacha alale.

Togwa alifundishwa na mama mkwe wake. Uji wa mahindi uliopoa, ukatiwa kimea cha ulezi, ukalala mpaka uamke mtamu wenye ukali kidogo kwa nyuma. Togwa ya dada ilikuwa na jina. Mwenyewe alinieleza, na baadaye watu wengine wakanithibitishia, kwamba zamani akishusha chungu asubuhi, kabla jua halijakaza kilikuwa kinakombwa na kata. Alikuwa anajaza kikombe, anapiga funda moja, anakigeuza ili upande alionywea urudi kwake, anakitoa kwa mikono miwili. Wafipa wenyewe walikuwa wakisema huyu mtoto wa pwani anaonja kwa adabu kuliko waliozaliwa hapa.

Basi asubuhi ya pili nikambebea chungu mpaka sokoni. Akaketi kwenye kigoda chake, jirani na mama mmoja wa Kirando aliyekuwa akiuza dagaa wakavu, akaniambia nizunguke nile, nisije nikarudi Muheza nikasema sijaona kitu. Nikazunguka. Nikala maharage mapya yaliyochemshwa na chumvi peke yake, na sijui waliyafanyaje, yalikuwa matamu kuliko ya kwetu ya nazi. Nikala kipande cha ugali wa ulezi, mweusi, mzito, ukikimeza unakisikia kinashuka hatua kwa hatua mpaka tumboni. Wenye malori walikuwa wamepanga mstari upande wa barabarani wananunua mahindi kwa magunia, na wanawake wa vijijini wamekaa chini na mafungu yao ya karanga, wametandika kanga. Kila nilipokula mtu alikuwa ameshaonja, na sikununa tena. Nilianza hata kuipenda ile hali ya kutazamana na mtu usiyemjua, yeye anatafuna, wewe unangoja.

Niliporudi mchana, chungu kilikuwa vile vile nilivyokitua.

Dada akasema ni baridi, nani anakunywa togwa na baridi hii. Lakini macho ninayo. Upande wa pili wa njia alikaa binti mwingine wa togwa, na watu walikuwa wamemzunguka. Upande wetu watu walikuwa wanapita wanasalimia, tena kwa heshima zote, habari za asubuhi, pole na baridi, wanamsalimu na mgeni, wanakwenda zao. Jioni tukabeba chungu kizito kama kilivyokuja. Uani kwake dada alichota kidogo, akaonja, akanipa na mie nionje. Akaniuliza kama imechacha. Nikasema sijui, mie si mjuzi wa togwa. Akanusa kata, akafikiri, akasema kosa ni la ulezi. Tangu biashara ifunguliwe wachuuzi wanachanganya ulezi wa mwaka jana na wa mwaka huu, kimea hakiamki vizuri. Kisha akaimwaga kwenye shimo la taka, na mie nikamshikia chungu.

Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu, kutafuta ulezi. Kila asubuhi nilikuwa naingia sokoni kabla ya wachuuzi kuamka vizuri, natafuta wanawake walioshuka kutoka vijijini na ulezi wao wenyewe. Nilijifunza kuuchota kiganjani na kuupuliza, kuuma punje nisikie kama inavunjika au inapondeka. Mama mmoja wa Msanzi aliniuzia ulezi wa shambani kwake, mwekundu, safi, akatafuna punje chache mbele yangu kwanza kama ilivyo desturi. Nikaupeleka nyumbani nikijiona nimeokota lulu. Dada aliuloweka, akaulaza mpaka ukachipua, akauanika, akausaga. Alikuwa akisimama kufanya kazi hiyo anashika ukuta. Togwa ya ulezi ule, Mungu wangu, hata mie niliyekuwa naikwepa nilikunywa vikombe viwili papo hapo jikoni.

Nayo ikarudi chungu kizima.

Safari hiyo akasema pengine ni maji ya bomba. Tukachota ya kisimani, na kisima kilikuwa mbali. Ikarudi. Akasema pengine ni chungu, kimezeeka, kimeshika harufu. Akaazima cha jirani. Ikarudi. Na kila jioni ananipa kata nionje, ananitazama usoni, ananiuliza imekosa nini. Mie nilikuwa nimeshaanza kujua imekosa nini, ila ulimi ulikuwa mzito. Ng'ambo yetu palikuwa na kibanda kipya cha soda na juisi za pakiti zilizotoka Zambia, na vijana walikuwa wanashinda pale. Nilikwenda kununua soda siku moja nikamsikia mmoja anamwambia mwenzake kwa sauti ya kawaida kabisa, mshikaji, usinywe pale, yule mama kakanyaga miwaya kama mumewe. Mwenzake akajibu poa, ndiyo maana mie nakunywa chupa, haijaguswa na mdomo wa mtu. Wakacheka, wakaendelea na mambo mengine. Nilisimama pale na soda yangu, na hasira ilinipanda mpaka masikio yakapiga kelele, lakini nitamfanya nini mtoto wa watu?

Alikuwepo mzee mmoja, mfua majembe, ambaye hakuacha kuja. Kila asubuhi alipita, akaketi kidogo, akamwita dada "mkwe wangu" kwa sababu alikuwa wa ukoo mmoja na shemeji. Dada alikuwa anamsubiri huyo kwa roho yake yote. Akimwona tu anatokea, anajiweka sawa kitenge, anafuta kikombe, anachota. Anapiga funda lake dogo, anageuza kikombe, anampa kwa mikono miwili. Mzee anapokea kwa mikono miwili, anashukuru, anasema leo nina haraka, nitanywea kazini, kikombe nitakirudisha. Akiondoka, dada anakuwa mtu mwingine kwa saa nzima. Ananiambia unaona, wenye kujua togwa wanajua.

Siku moja nilikuwa natoka kutafuta ulezi, nikapita nyuma ya mabanda ya mitumba kukwepa vumbi la malori. Nikamkuta yule mzee ameinama kwenye mtaro. Alikuwa anamwaga togwa polepole, kwa uangalifu, kama mtu anayemwagia mche maji, halafu akachukua majani akasugua kikombe ndani na nje. Alipoinua uso tukatazamana. Nikamsalimia shikamoo. Akaitikia, akabaki ameshika kikombe kitupu. Halafu akaniambia, "Usimwambie, mwanangu. Mkwe wangu nampenda, lakini naogopa."

Sikumwambia. Ningemwambiaje? Mzee yule alikuwa mwema kuliko soko zima, na wema wake ulikuwa unaishia mtaroni. Sasa hivi hata mtoto wa darasa la kwanza anajua ugonjwa ule hauji kwa kikombe, lakini wakati ule nani alijua nini? Hospitali wenyewe walikuwa wananong'ona. Nilikaa juu ya gunia la mtu nikalia kwa hasira, na wapita njia wakadhani nimeibiwa.

Mama wa Kirando ndiye aliyeniona macho mekundu. Yule mama alikuwa na maneno makali na moyo mzuri, na alikuwa amekaa ubavuni kwa dada miaka yote ile. Alinivuta pembeni akaniambia kile nilichokwisha kukijua. Watu hawana neno na togwa. Wanaogopa mdomo. Tangu dada aanze kukonda, wanamwona anatia mdomo kwenye kikombe chao na wanamkumbuka mumewe. Na hawezi kuacha kuonja, kwa sababu asipoonja watasema ametia sumu. Ndio hivyo, akionja wanakimbia, asipoonja wanakimbia. Nikamuuliza sasa tufanyeje. Akanitazama juu mpaka chini, nilivyo mnene, na mashavu yangu ya Muheza, akasema kesho onja wewe. Wewe ni damu yake, togwa mmepika wote, desturi inaruhusu.

Jamani, nilivyofurahi. Nilijiona nimeletwa na Mungu kwa kazi hiyo. Nilimwambia dada kwamba kikohozi chake kinahitaji kupumzishwa, kesho akae nyuma kwenye magunia ya dagaa ajifunike, mie nitachota. Akauliza nani kanituma. Nikasema hakuna, nataka tu kujifunza kazi. Akasema haya.

Asubuhi yake tukatua chungu pale pale. Dada akakaa nyuma, mgongo kwenye gunia, amejifunga blanketi mpaka kidevuni. Mie nikaketi kwenye kigoda chake. Watu wa kwanza wakapita wakasalimia kama kawaida, wakatazama, wakaenda. Kisha akasimama mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Alitupia macho kigoda, akatupia macho nyuma kwenye magunia, akauliza togwa imepikwa na nani. Nikasema mie na dada yangu. Nikajaza kikombe, nikapiga funda, nikakigeuza kama nilivyokuwa nimemwona dada akifanya, nikampa kwa mikono miwili. Akanywa chote. Akafumba macho. Akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwa wauza kabichi kwamba ni muda mrefu hajanywa togwa ya namna hiyo.

Basi ikawa kama mlango umefunguliwa. Wakaja wapasua mbao, wakaja wapakizi wa malori, wakaja hata wale waliokuwa wamemzoea binti wa ng'ambo. Nilikuwa nachota, naonja, nageuza, natoa, mpaka tumbo langu likajaa kwa mafunda madogo madogo. Mama wa Kirando akawa anapiga domo, njooni, njooni, togwa ya mwali wa Tanga. Yule mzee mfua majembe akaja naye. Nikaonja, nikampa. Akaketi. Akanywa pale pale, mpaka chini, akaomba cha pili. Hakuthubutu kutazama kwenye magunia.

Mie sikugeuka nyuma. Wallahi nilikuwa nimejisahau kabisa, nilikuwa nacheka, natania na wateja, nawaambia wanywe taratibu wasije wakameza na kata. Jua lilikuwa bado halijakaza niliposikia kata inakwangua chini. Hapo ndipo nilipogeuka ili nimwonyeshe dada chungu kitupu.

Alikuwa ananitazama. Sijui alikuwa ametazama tangu lini, nadhani tangu mwanzo. Akaniomba nimsogezee chungu. Nikamsogezea. Akaingiza mkono mwembamba ule mpaka ndani, akapangusa chini kwa kidole, akalamba. Akalamba tena.

"Kumbe ilikuwa tamu," dada akasema. "Siku zote ilikuwa tamu."

Hakulia. Alijaribu kusimama, nikamsaidia. Akamuaga mama wa Kirando kwa mkono, akamwambia kigoda amempa, kwa sababu hawezi kukibeba mpaka Muheza. Tulirudi Milanzi taratibu, tunapumzika kila penye kivuli ingawa jua lenyewe halikuwa na joto, na mie nimebeba chungu kichwani. Chungu kitupu ni chepesi sana, unaweza kusahau kwamba umebeba kitu.

Nyumbani alisema anataka kunipikia chai, kwa kuwa nimefanya kazi. Nikakataa, akang'ang'ania. Nilimsikia jikoni akigongana na vyombo kwa muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Alipokuja alikuwa na vikombe viwili. Changu kilikuwa cha udongo, kile kizuri chenye maua alichopewa harusini, amekiosha mpaka kinang'aa na kukifunika kwa kisahani kama wanavyofunika soda chupani. Chake kilikuwa kikuukuu cha bati, na kwenye mkono wa kikombe hicho amefunga uzi mwekundu uliochanwa kwenye sweta. Akaweka cha maua mbele yangu. Hakukionja.

Miezi miwili ya huko ilikuwa imeniingia damuni. Nilikaa nangoja, mikono mapajani, namtazama. Nikamwambia onja kwanza, dada. Akatikisa kichwa. Nikamwambia tena. Akanyanyua kikombe cha bati, akanionyesha ule uzi, akauvutavuta kuona kama fundo limekaza.

"Hiki cha bati ndicho changu," akasema. "Msumari wake wa kukitundika nimeupigilia peke yake, kule nyuma ya mlango. Usije ukakosea ukakitumia, na huko kwa mama uwaambie."